Matembezi ya Kiangazi kwa Familia Yenye Mtoto wa Selimundu

Utangulizi

Shule zinapofungwa mwezi Desemba, jua la kaskazi likiwa limekwisha kuishika pwani, familia nyingi za Dar es Salaam na mikoa ya jirani hupanga walau siku moja ya kutoka pamoja. Wako wanaokwenda ufukweni Kigamboni au Coco Beach, wako wanaovuka kwa boti kwenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo, na wako wanaowapeleka watoto Bagamoyo kuona magofu ya Kaole. Tangu mwaka 2024 wameongezeka wengine, wale wanaopanda treni ya mwendokasi asubuhi kwenda Morogoro na kurejea jioni. Miongoni mwa familia hizo zimo ambazo siku hiyo humwacha mtoto mmoja nyumbani kwa bibi. Mtoto huyo ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, na wazazi wake wanachelea kwamba jua, maji au uchovu vitamrudisha wodini.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Mzazi aliyewahi kukesha na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa hahitaji kuelezwa kwa nini anaogopa. Hata hivyo, Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani. Makadirio yanayotumika mara kwa mara hutaja watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Kadiri huduma zinavyoboreka, ndivyo wengi wao wanavyokua, wanavyosoma na wanavyotaka kuishi kama wenzao. Swali la matembezi litaulizwa kliniki tena na tena, nalo linastahili jibu lenye maelezo kuliko neno moja la "asiende".

Baada ya kusoma somo hili, mhudumu wa afya na mzazi wataweza: kueleza ni mambo gani ya safari yanayochochea maumivu ya selimundu, kuchagua mahali na muda unaofaa, kuandaa mfuko wa safari, na kutambua dalili zinazolazimu matembezi yakatishwe mara moja.

Kinachotokea mwilini

Chembe nyekundu ya damu ya mtu asiye na ugonjwa huu ni laini na huishi takribani siku 120. Kwa mwenye selimundu, himoglobini isiyo ya kawaida hushikamana ndani ya chembe pale oksijeni inapopungua. Chembe huwa ngumu, huchukua umbo la mundu, na huishi siku 10 hadi 20 tu. Chembe hizo hunasa katika mishipa midogo na kuzuia damu kupita. Hapo ndipo maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo hutokea.

Mambo manne hurahisisha hali hiyo, na yote manne hupatikana katika siku moja ya matembezi. La kwanza ni upungufu wa maji mwilini, unaozifanya chembe zikolee himoglobini. La pili ni baridi ya ghafla, inayobana mishipa ya damu ya ngozi na misuli. La tatu ni uchovu uliopita kiasi. La nne ni maambukizi, hasa yale yanayoambatana na homa. Uhaba wa oksijeni katika miinuko mirefu huongezeka pale familia inapoelekea milimani.

Mzazi akiyafahamu mambo haya, ataona kwamba ufukwe au mlima hauna kosa kwa jina lake. Mtoto anaweza kuumwa akiwa sebuleni kwa kutokunywa maji, na anaweza kucheza baharini akarudi salama kwa sababu alikunywa, alipumzika na alikaushwa mapema.

Gharama ya katazo

Dawa huandikwa pamoja na kipimo chake. Katazo hutolewa bila kipimo: mtoto huambiwa asikimbie, asiogelee, asisafiri, wala haelezwi ni kiasi gani, mpaka lini, na kwa sababu gani. Akiwa na miaka 6 hutii. Akifika miaka 15 huanza kuuficha ugonjwa wake. Atakwenda ufukweni na wenzake bila kumwambia mtu, bila maji, bila dawa, na ataona haya kusema kwamba amechoka. Hatari kubwa zaidi ya safari humpata kijana wa namna hii, ambaye hakuwahi kufundishwa kusafiri na watu wanaomjali.

Yako pia madhara ndani ya nyumba. Mtoto anayeachwa kila mara hujifunza kwamba yeye ni mzigo. Ndugu zake hujifunza kufurahi kwa siri, au humlaumu yeye pale safari inapovunjwa kwa ajili yake. Matembezi yaliyopangwa vizuri ni shule ya nyumbani: mtoto hujifunza kubeba chupa yake, kutaja jina la ugonjwa wake bila aibu, na kusema "nimechoka" kabla maumivu hayajaanza.

Kabla ya kuamua: je, mtoto yuko tayari?

Afya ya mtoto itazamwe kabla ya kutazama mahali. Safari iahirishwe ikiwa mtoto ana homa, anaharisha au anatapika, ana kikohozi kipya chenye kupumua kwa shida, amepauka kuliko kawaida yake, au bado ana maumivu yanayohitaji dawa. Mtoto aliyeruhusiwa kutoka wodini hivi karibuni, au aliyeongezewa damu kwa dharura, aonwe kwanza na mtaalamu wake. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyewahi kupata kiharusi, mwenye tatizo la mapafu, moyo au figo: kwake yeye mpango wa safari uandikwe na daktari anayemfahamu.

Dawa za kila siku haziendi likizo. Anayetumia haidroksiyurea, foliki asidi, penisilini ya kinga au dawa ya kuzuia malaria aendelee nazo siku ya safari kama siku nyingine. Dawa zisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani.

Kuchagua mahali: umbali upimwe kwa saa

Familia nyingi huuliza kilometa. Kwa mtoto mwenye selimundu, swali lenye manufaa ni hili: endapo homa itaanza saa nane mchana, itachukua saa ngapi kumfikisha mahali penye dawa ya sindano, maji ya mshipani, oksijeni na uwezekano wa kuongezewa damu? Foleni ya magari, zamu ya kivuko na bahari iliyochafuka vyote huingia katika hesabu hiyo.

Fukwe za jijini, kama Coco Beach, zina faida ya kuwa karibu na hospitali. Kigamboni ni karibu kwa macho, lakini msafiri wa Magogoni hutegemea kivuko. Mwenye gari akumbuke kwamba njia ya daraja, lililofunguliwa mwaka 2016, humwezesha kurudi bila kusubiri. Mbudya na Bongoyo ni visiwa vya hifadhi ya bahari vyenye mchanga mzuri, lakini havina hospitali, na kurudi hutegemea boti. Familia inayokwenda huko ipatane na mwenye boti kabla ya kuondoka kwamba itarudi wakati wowote ikihitajika, na kila mtoto avae jaketi la kujiokolea linalomtosha.

Bagamoyo hufikika kwa barabara ya lami na ina hospitali ya wilaya. Magofu ya Kaole, yenye misikiti na makaburi ya karne zilizopita, ni somo zuri la historia, ila sehemu kubwa ya eneo hilo iko wazi juani. Yafaa kufika saa tatu asubuhi na kumaliza kabla ya saa tano, kisha kupumzika kivulini. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ina kivuli lakini ina vilima na mbu. Mtoto achaguliwe njia fupi, avae suruali ndefu na viatu vilivyofunika vidole.

Anayekwenda Morogoro kwa treni apime ubaridi wa kiyoyozi: mtoto aliyetoka juani akiwa na jasho akakaa chini ya hewa baridi ahitaji sweta au kitenge cha kujifunika. Katika basi, asikae safari nzima bila kunyoosha miguu. Maporomoko ya maji milimani hupendeza kwa kutazamwa, lakini maji yake ni baridi. Mtoto mwenye selimundu asiingizwe humo.

Kuhusu miinuko, Lushoto, wenye takribani meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa kawaida si tatizo kwa mtoto ambaye hali yake ni tulivu, isipokuwa baridi ya Juni na Julai, inayohitaji nguo nzito. Hali ni tofauti kwa safari za shule zinazopanda Kilimanjaro hadi kituo cha Mandara, kilicho kwenye meta 2,700 hivi. Huko oksijeni imepungua, baridi ni kali na msaada uko mbali. Mwanafunzi mwenye selimundu asipande. Hapa katazo lina sababu yake, na mtoto akielezwa sababu hiyo huipokea.

Maji: kosa linalofanywa na wengi

Watu wengi wamefundishwa kutazama rangi ya mkojo: ukiwa mweupe, mwili una maji ya kutosha. Kanuni hiyo haimfai mtoto mwenye selimundu. Figo zake hupoteza mapema uwezo wa kubana maji, hivyo hukojoa mkojo mwingi na mweupe hata wakati mwili wake unaanza kukauka. Hii pia ndiyo sababu mojawapo ya wengi wao kukojoa kitandani, jambo ambalo hawapaswi kuadhibiwa kwalo.

Kwa sababu hiyo maji yanywewe kwa ratiba, kiu isisubiriwe. Mtoto mwenye kilo 20 huhitaji kwa kawaida takribani lita 1.5 za vinywaji kwa siku akiwa ametulia. Siku ya jua na michezo huhitaji zaidi. Njia rahisi ni kumpa chupa yake mwenyewe na kumnywesha mafunda kadhaa kila baada ya dakika 20, kuanzia nyumbani kabla ya kuondoka hadi anapolala usiku. Wazazi wengine humnyima mtoto maji safarini ili gari lisisimamishwe njiani. Kusimama mara tatu kwa ajili ya haja ndogo ni nafuu kuliko usiku mmoja wa maumivu.

Maji safi yanatosha. Madafu ni kinywaji kizuri kwa mtoto ambaye figo zake hazina ugonjwa mwingine. Soda si mbadala wa maji, na vinywaji vya kuongeza nguvu havifai kwa watoto. Paketi mbili za ORS ziwemo mfukoni kwa ajili ya kuharisha kusikotarajiwa.

Mchezo na bahari

Maji ya bahari ya Dar es Salaam wakati wa kiangazi ni ya uvuguvugu, na mtoto anaweza kuoga. Baridi humpata anapotoka: ngozi imelowa, upepo unavuma, naye amekaa na nguo mbichi akila mihogo. Utaratibu ufuatao unafaa. Aingie majini kwa muda mfupi, dakika 15 hivi, kisha atoke, akaushwe kwa taulo hadi nywele, avishwe nguo kavu, anywe maji na apumzike. Akitaka tena, aingie tena. Akianza kutetemeka, kuoga kumekwisha kwa siku hiyo.

Mtu mzima mmoja apewe kazi ya kuwatazama watoto walio majini, awe umbali wa mkono kutoka kwa wadogo, asiwe na simu mkononi. Kanuni hii ni ya watoto wote. Maji yakipwa na matumbawe kuonekana, watoto wavae viatu. Kidonda kidogo karibu na kifundo cha mguu huchelewa kupona kwa wenye selimundu na huweza kuwa donda la muda mrefu. Mchubuko wowote uoshwe kwa maji safi na sabuni, ufunikwe, na utazamwe kila siku.

Katika mpira na kukimbizana, mtoto ndiye awe na haki ya kusimama. Wenzake waelezwe mapema kwamba akisema "napumzika" asichekwe wala asishurutishwe.

Chakula na mbu

Watoto wenye selimundu hushambuliwa kwa urahisi na bakteria wa salmonela, ambao kwao huweza kuingia hadi kwenye mifupa. Kuku aliyeiva nusu, mayai mabichi, kachumbari iliyokaa juani na wali wa jana uliobebwa kwenye chombo kilichofungwa ukiwa moto vyote viepukwe. Chakula cha moto kilichopikwa mbele ya macho, ndizi, machungwa ya kumenya na karanga vinafaa. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Malaria ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumuua mtoto mwenye selimundu kwa haraka. Familia irudi kabla ya giza kuingia. Ikichelewa, mtoto avae nguo za mikono mirefu na apakwe dawa ya kufukuza mbu. Usiku alale ndani ya chandarua, hata akiwa ugenini.

Mfuko wa safari

Mfuko uandaliwe usiku uliotangulia, nao uwe na:

1. Maji ya kunywa na chupa ya mtoto mwenyewe.
2. Dawa zake za kila siku.
3. Dawa ya maumivu aliyoelekezwa na kliniki. Parasetamoli hutolewa kwa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Ibuprofeni itolewe tu ikiwa daktari ameiruhusu, baada ya chakula, na isitolewe kwa mtoto anayetapika au aliyekaukiwa maji.
4. Kipimajoto.
5. Taulo mbili, nguo kavu, sweta, kofia na viatu vya kufunika.
6. Kadi ya kliniki na kadi ya bima, pamoja na karatasi yenye jina la ugonjwa, kundi la damu, kiwango chake cha kawaida cha himoglobini, dawa anazotumia, mzio alionao na namba ya simu ya kliniki.

Karatasi hiyo ina thamani kubwa. Daktari wa zamu asiyemfahamu mtoto akiona himoglobini ya gramu 7 anaweza kuiona kuwa dharura, kumbe ndiyo kawaida yake. Au akaona 6 akaichukulia kuwa ya kawaida, kumbe jana ilikuwa 9.

Dalili zinazokatisha matembezi

Maumivu madogo ya mkono au mguu yanaweza kuanza kutulizwa papo hapo: mtoto apumzike kivulini, anywe maji, apewe dawa ya maumivu, asuguliwe taratibu na afunikwe kwa kitu chenye joto. Barafu isitumike. Yasipotulia, apelekwe hospitali.

Dalili zifuatazo hazisubiri, hata kama chakula kimeshapakuliwa:

- Joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi. Parasetamoli ikishusha homa, safari ya hospitali ibaki palepale.
- Maumivu ya kifua, kupumua kwa haraka au kwa shida.
- Kupauka ghafla, kulegea, au tumbo kuvimba upande wa kushoto chini ya mbavu. Huenda bandama imevuta damu nyingi kwa wakati mmoja, na mtoto anaweza kufariki ndani ya saa chache.
- Uso kupinda, mkono au mguu kulegea, kushindwa kusema, degedege, au kuumwa kichwa kusiko kwa kawaida.
- Kutapika mfululizo hata asiweze kubakiza maji.
- Kwa mvulana, uume kusimama kwa maumivu kwa zaidi ya saa mbili. Watoto huona haya kusema. Waelezwe mapema kwamba hii ni dalili kama nyingine.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Mahudhurio ya Oktoba na Novemba ndiyo nafasi ya kuuliza: "Likizo mnakwenda wapi?" Swali hilo huchukua dakika tano pamoja na majibu yake. Mhudumu ahakikishe chanjo zimekamilika, dawa zinatosha hadi Januari, karatasi ya safari imejazwa, na mzazi ameonyeshwa jinsi ya kupapasa bandama. Mtoto mwenyewe aulizwe pia, kwa kuwa ndiye atakayesikia uchovu wa kwanza kabla ya mtu mwingine kuuona. Pale inapolazimu kukataza, mhudumu aseme anakataza nini, kwa sababu gani, na ni nini kinachowezekana badala yake: "Mandara usipande, Kaole nenda, asubuhi, na maji yako."

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini rangi ya mkojo si kipimo cha kuaminika cha maji mwilini kwa mtoto mwenye selimundu?
2. Familia imefika Mbudya saa nne asubuhi. Saa saba mtoto ana joto la nyuzi 38.4 lakini bado anataka kucheza. Wazazi wafanye nini, na ni jambo gani lilipaswa kuwa limekwisha kupangwa kabla ya kuondoka Kunduchi?
3. Mama anasema: "Mwanangu ana miaka 13, hajawahi kuoga baharini, na sitaki aanze." Mhudumu ampe maelezo gani, na amuulize mtoto nini?

Maswali haya yajadiliwe na wahudumu katika vikao vyao vya mafunzo, na yaulizwe pia kwa wazazi wanaosubiri zamu zao kliniki. Mzazi aliyewahi kumpeleka mwanawe ufukweni na kumrudisha salama ndiye mwalimu bora wa mwenzake aliyeketi naye benchi moja.